Siagi na Wekundu: Kutamka Kitibeti kwa Ulimi wa Kiswahili

Neno la kwanza la Kitibeti nililolikosea mbele ya mtu lilikuwa jina la siagi. Wakati huo nilikuwa mwanafunzi Mysore, kusini mwa India, na mwisho wa juma nilikuwa nikipanda basi kwenda Bylakuppe, makazi ya wakimbizi wa Kitibeti yaliyoanzishwa mwaka 1961, ambako bendera za sala hupepea juu ya mashamba ya mahindi. Mama mmoja mtu mzima, ambaye kila mtu alimwita Amala, yaani mama kwa heshima, alikuwa akitengeneza chai ya siagi na chumvi, nami nikataka kumpa bonge la siagi lililokuwa karibu yangu huku nikilitaja kwa jina lake. Nikasema *mar*. Amala akanitazama, akasubiri nimalizie sentensi. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, na kwa hiyo ya juu zaidi. Hapo akaweka kijiko chini, akashusha kiganja chake hadi usawa wa kifua, akatamka neno lilelile kwa sauti iliyoanzia chini kabisa na kupanda kidogo. Kisha akainua kiganja hadi usawa wa paji la uso, akaonyesha chupa ya chai nyekundu iliyokuwa mezani, akasema *marpo*, na sauti yake ilikuwa juu tangu mwanzo. Siagi iko chini, wekundu uko juu. Kiganja kile kilinifundisha zaidi ya kurasa nyingi nilizokuwa nimezisoma.

Jioni ile nilipofungua daftari nililiona jambo ambalo macho yangu yalikuwa yamelipita mara nyingi. Siagi huandikwa *mar*. Wekundu huandikwa *dmar*. Hiyo *d* ya mwanzo hakuna mtu wa Lhasa, mji mkuu wa Tibet, anayeitamka, na mimi, kama wanafunzi wengi, nilikuwa nimeihesabu kuwa mzigo wa tahajia, kitu cha kukaririwa kwa ajili ya mtihani na kusahauliwa. Kumbe ndiyo iliyokuwa ikiniambia niinue sauti. Toni za Kitibeti, yaani vimo vya sauti vinavyotenganisha maana, hazina alama juu ya herufi, lakini zimeandikwa. Zimeandikwa kwa herufi zisizosemwa, na anayezidharau herufi hizo hujinyima mwongozo pekee alio nao kwenye karatasi.

Mapokeo ya Watibeti husema kwamba mwandiko wao ulitungwa katika karne ya 7 na Thonmi Sambhota, waziri wa mfalme Songtsen Gampo, aliyepelekwa India kujifunza elimu ya herufi. Mwandiko huo una konsonanti 30 na alama nne za irabu, za *i*, *u*, *e* na *o*. Irabu *a* haina alama kwa sababu imo ndani ya kila konsonanti. Watoto hujifunza kwa kuimba: *ka gigu ki, ka shabkyu ku, ka drengbu ke, ka naro ko*, wakitaja herufi, kisha jina la alama, kisha silabi inayopatikana. Niliposikia darasa zima likiimba hivyo nilisimama nje ya dirisha kwa muda mrefu, kwa maana mtu yeyote aliyekaa chuoni kwa mwalimu wa Kurani akihijai kwa fataha, kasra na dhuma anaijua njia hiyo ya kufikia silabi, ingawa lugha ni nyingine na dini ni nyingine.

Kuizunguka herufi ya msingi ya silabi huweza kuwekwa herufi nyingine mbele yake, juu yake, chini yake na nyuma yake. Neno la nambari nane, *brgyad*, lina *b* mbele, *r* juu ya *g*, *y* chini yake, na *d* mwishoni. Zamani mrundikano huo ulikuwa matamshi halisi. Nguzo ya mawe ya mkataba kati ya Tibet na China, iliyosimamishwa Lhasa mwaka 823, ilichongwa na watu ambao mengi ya waliyoyaandika waliyasema pia. Baadaye midomo ya Tibet ya kati ilianza kuziacha konsonanti hizo moja baada ya nyingine, na leo mtu wa Lhasa akisoma *brgyad* utasikia kitu kama *gyè*, kifupi, kilichokatwa kooni. Herufi zilibaki mahali pake kwenye karatasi, na mdomoni nafasi yake ilichukuliwa na kimo cha sauti.

Jinsi badiliko hilo lilivyowezekana unaweza kulihisi kwenye koo lako mwenyewe. Weka vidole shingoni, utamke *pa*, halafu *ba*. Katika *ba* nyuzi za sauti zinatetemeka tangu midomo ikiwa bado imefungwa, na mtetemo huo huifanya irabu inayofuata ianze chini kidogo kuliko ile inayofuata *p*. Katika Kiswahili tofauti hiyo ni ndogo na hatuitumii kwa lolote, lakini jirani zetu Wadigo wa pwani ya Kenya na Tanga wana lugha ya toni ambamo baadhi ya konsonanti ghuna, yaani zenye mtetemo huo, huivuta toni chini. Huko Lhasa mtetemo wenyewe ulififia baada ya kuishusha sauti, na ule mshuko uliokuwa umetokana nao ukabaki peke yake kutenganisha maana.

Kwa hiyo anayeanza aishike kwanza kanuni ya konsonanti za vizuio, kama *k* na *g*, na mikwaruzo, kama *s* na *z*. Herufi zilizokuwa si ghuna hutoa toni ya juu, na zilizokuwa ghuna hutoa toni ya chini. *Sa* ya juu ni ardhi; *za* ya maandishi hutamkwa leo *sa* ya chini, nayo ni kula. *Sha* ya juu ni nyama, na *zhwa*, ambayo ni kofia, hutamkwa *sha* ya chini. *Khang* ya juu ni jengo au nyumba. *Gangs*, yaani theluji, hutamkwa *khang* ya chini, na ndiyo sababu mlima ambao ulimwengu unauita Kailash huitwa na Watibeti Khang Rinpoche, mlima wa theluji wenye thamani, ingawa herufi yake ya kwanza ni *g*. Mswahili anapoona *g* hutamka *g*, kwa kuwa tahajia yetu imetuzoesha kwamba herufi haimdanganyi msomaji. Hapa pia haidanganyi, ila kazi yake ni kusema jinsi ya kuanza irabu zaidi ya kusema konsonanti.

Kanuni ya pili inahusu nazali, yaani sauti za puani kama *m*, *n* na *ng'*, pamoja na *l*, nayo ndiyo iliyonikwaza mbele ya Amala. Konsonanti hizi zikisimama peke yake hutoa toni ya chini. Zikiwa na herufi ya kimya mbele yake au juu yake, hutoa toni ya juu. *Nga*, yaani mimi, iko chini, na *lnga*, yaani tano, iko juu. *La* ya chini ni njia ya mlimani inayovuka kati ya vilele viwili, na *bla* ya juu ni ile inayoanzia neno *bla ma*, lama. Katika jambo moja Mswahili ana bahati kubwa hapa: sauti ya mwanzo ya *nga*, inayowatesa Wazungu wengi kwa miezi, ni *ng'* yetu ya ng'ombe na ng'ambo, na *nya* ni *ny* ya nyumba. Mwalimu wangu, mzee mstaafu mzaliwa wa Lhasa niliyemwita Genla kama wanafunzi wote wanavyomwita mwalimu wao, alinisikiliza nikisema *ng'a* siku ya kwanza, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akatumia saa nzima kunishusha sauti.

Nilisema saa nzima, na sikuzidisha. Kiswahili sanifu hakina toni za maneno. Tulicho nacho ni mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno la silabi moja likisimama peke yake tunalianza juu na kulishusha. Tabia hiyo iko ndani mno hata hatuijui. Mtu wa Kinshasa au Kisangani anayesema Kiswahili pamoja na Kilingala ameshazoea kwamba *moto* yenye silabi mbili za chini ni mtu, na *motó* yenye silabi ya mwisho ya juu ni kichwa. Yeye atafika haraka kuliko mimi niliyekulia kwenye Kiswahili kitupu. Msukuma, Mhaya, Mkikuyu na Mnyarwanda nao wana toni nyumbani, na ningewashauri waazime sikio la lugha ya bibi zao kabla ya kuazima la shuleni.

Mkazo wetu huharibu zaidi maneno ya silabi mbili. Katika matamshi ya Lhasa, kwenye neno la namna hiyo tofauti ya juu na chini hukaa katika silabi ya kwanza, na silabi ya pili kwa kawaida huwa juu. Chukua *momo*, vile vitumbua vya unga vyenye nyama ndani vinavyopikwa kwa mvuke, ambavyo huandikwa *mog mog*. Silabi ya kwanza ina *m* tupu, kwa hiyo iko chini. Ya pili inapanda. Mswahili atasema *mómo* na kuteremka, kama anavyosema *mama* na *soko*, yaani atakuwa ameigeuza ngazi juu chini. Nilijizoeza barabarani kwa kulitamka kama mtu anayeuliza swali, na ingawa Genla hakuipenda njia hiyo, ilinitoa pale nilipokwama.

Sasa nirudi kwenye pumzi. Kitibeti hutofautisha *k* kavu na *k* yenye mpumuo, *t* kavu na *t* yenye mpumuo, *p* vivyo hivyo, *ch* vivyo hivyo, na *ts* vivyo hivyo. *Bcu* ni kumi na *chu* ni maji. Yote mawili yana toni ya juu na irabu moja, na kinachoyatenganisha ni pumzi inayotoka baada ya *ch* ya maji. Watu wa Mombasa na Lamu wasihangaike sana hapa, maana wao hutofautisha kaa la moto, lisilo na mpumuo, na kaa wa baharini, mwenye mpumuo, na hutofautisha paa la nyumba na paa wa mwituni kwa njia hiyohiyo. Sisi wa bara tumeipoteza tofauti hiyo au hatukuwahi kuwa nayo. Dawa yake ni kuweka kiganja mbele ya mdomo: kwenye *chu* ya maji kiganja kihisi upepo, kwenye *bcu* kisihisi kitu. Ama kuhusu *ts*, aliye na rafiki Mgiriama amwombe aseme *tsi*, yaani nchi, na asikilize.

Hapa kuna mtego ambao naueleza kwa msisitizo kwa sababu vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya wasomaji wengine haviwezi kuuona. Kitibeti kinapoandikwa kwa herufi za Kirumi katika kazi za kitaaluma hutumiwa zaidi utaratibu uliochapishwa na Turrell Wylie mwaka 1959. Ndani yake *kh*, *th* na *ph* ni *k*, *t* na *p* zenye mpumuo tu. Mswahili akiona *kh* hukumbuka kheri na Khamisi, akiona *th* hukumbuka thamani, na ulimi humtoka kati ya meno bila kuulizwa. *Khang* haina sauti ya kheri, na *th* haina sauti ya thelathini. Vilevile *c* ya Wylie ni *ch* kavu na *ch* yake ni ile yenye mpumuo. Nilipoteza wiki kadhaa kwa kosa hili kabla mtu hajanisahihisha.

Kuna sauti mbili tatu ambazo hatuna kabisa. *Lh* ya Lhasa si *l* iliyotanguliwa na *h*: weka ulimi mahali pa *l*, usiguse mtetemo wa koo, upulize pumzi ipite pembeni mwa ulimi. Lhasa ni *lha sa*, mahali pa miungu, na jina hilo likitamkwa *Lasa* limepoteza mungu wake. Nyingine ni ile inayotokana na *kr*, *pr* na wenzake, ambayo hutamkwa ncha ya ulimi ikiwa imekunjwa nyuma kuelekea kaakaa, kama *tr* iliyoyeyuka kuwa sauti moja. Ndiyo iliyomo katika salamu maarufu *bkra shis bde legs*, ambayo hutamkwa *trashi delek*. *K* ya mwisho humezwa kooni na wala haifunguliwi. Sisi tuliozoea kwamba kila silabi hufunguka kwa irabu tuna hamu ya kusema *deleki*, na hamu hiyo inapaswa kuzuiwa.

Irabu nazo huguswa na herufi za nyuma. Silabi ikifungwa kwa *d*, *n*, *l* au *s*, irabu *a*, *o* na *u* husogea mbele mdomoni. *U* hugeuka *ü*, na *o* hugeuka *ö*. Ili kuipata *ü*, sema *i*, usisogeze ulimi, kisha kunja midomo kama unayepuliza moto wa jiko. Fanya vivyo hivyo kutoka *e* ili kupata *ö*. Tibet kwa lugha yake yenyewe ni *bod*, hutamkwa *phö* ya chini iliyokatwa kooni, na chai ya Kitibeti ni *bod ja*, *phöcha*. Neno *ja*, lenye toni ya chini na lisilo na mtetemo tena, hutamkwa *cha*, na ni ndugu wa chai yetu, kwa kuwa yote yametoka China kwa njia tofauti. Ukimkaribisha mtu unayemheshimu hutasema *cha* tupu, utasema *söcha*, lenye *l* ya zamani ndani ya *gsol* iliyoipinda irabu na kisha kunyamaza. *S* ya nyuma hufanya zaidi: baada ya nazali huishusha toni mwishoni. *Kham* ya juu iliyonyooka ni kipande, na *khams* inayoanza juu na kuteremka ni Kham, eneo la mashariki mwa Tibet.

Herufi za kimya, hata hivyo, hazijafa zote. Kumi ni *bcu*, hutamkwa *chu*. Nne ni *bzhi*, hutamkwa *shi*. Ukiziunganisha upate kumi na nne, *bcu bzhi*, hutasikia *chushi*, utasikia *chupshi*. Ile *b* ya mbele ya nne, ambayo haikusikika ilipokuwa mwanzoni, imepata silabi ya kuegemea na imeamka. Kumi na moja, *bcu gcig*, ni *chukchik*, na safari hii iliyoamka ni *g*. Genla aliponisomea nambari hizi nilimwomba arudie mara tatu, kwa furaha ambayo hadi leo siwezi kuieleza vizuri: nilikuwa nikisikia karne ya 9 ikipumua ndani ya hesabu ya kawaida ya dukani.

Haya yote ni ya Lhasa na ya lahaja za kati. Ukienda Amdo, kaskazini-mashariki, hutakuta toni. Mtawa mmoja wa huko aliyeishi Bylakuppe alikuwa akisema tano kwa mkwaruzo mwepesi kabla ya *ng'*, mabaki ya herufi ambayo Lhasa imeigeuza kuwa kimo cha sauti, na kwa sababu mkwaruzo upo, hahitaji kupandisha sauti ili kuitenga na *nga*, neno la mimi. Ladakh pia hakuna toni. Huko Baltistan, kaskazini mwa Pakistan, Waislamu wanaosema Kibalti, lugha ya ukoo huohuo, bado wanatamka tatu, *gsum*, kwa kikundi kamili mwanzoni, *khsum*, na safari hii *kh* ni ya kheri kweli. Niliwahi kumwuliza Genla ni nani anayetamka sawasawa. Akasema kwamba wa Amdo wanasoma herufi kwa mdomo na wa Lhasa wanazisoma kwa koo.

Kanuni zina maneno yanayozikiuka. *Zl* haikubali kanuni ya *l*: *zla ba*, mwezi, hutamkwa *dawa*, toni ya kwanza ikiwa chini, na ni jina la watu wengi waliozaliwa Jumatatu. Mara ya kwanza niliposikia mtoto akiitwa Dawa uani nilidhani ni mgonjwa. Dawa yenyewe kwa Kitibeti ni *sman*: *s* ya juu inainua toni, *n* ya mwisho inaisogeza irabu mbele na kuivutia puani, na kinachosikika ni *men* ya juu yenye nazali.

Neno hilo nililiona mwezi wa mwisho wa masomo yangu, limeandikwa juu ya mlango wa zahanati ndogo karibu na kituo cha basi: *sman khang*. Nilisimama nikalisoma kwanza kwa macho, herufi moja moja. *S* juu ya *m*: juu. *Kh*, si *g*: juu pia, na pumzi. *Ng* ya mwisho, bila irabu ya ziada. Nikalitamka kwa sauti, kiganja changu kikiwa kimeinuka usawa wa paji la uso bila mimi kujua, na kutoka ndani mtu ambaye sikumwona akaitika, *ya phe*, karibu ndani.